Namba Zilizoanguka za Koili ya Tatu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya jambo moja la fizikia ambalo wanafunzi hawatalikuta katika vitabu vyao vya mtihani. Nimechagua punje za kabidi ya metali, ndogo kupita kiasi, zilizokaa juu ya mkaa, na namna zinavyoweza kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Lakini kabla sijafika huko nina deni la kulipa, na nimeona ni vema nililipe hadharani, mbele ya wanafunzi, waalimu wenzangu na wazazi wanaosoma gazeti hili.

Muhula uliopita Kidato cha Tano walipima ukinzani wa koili ya shaba inapopashwa moto. Kila kikundi kilipewa koili ndani ya neli ya kioo, kipimajoto, bika la maji, na daraja la mita la kupimia. Kazi yenyewe ni nyepesi: joto likipanda, ukinzani wa shaba nao hupanda, na ukichora grafu hupata mstari ulionyooka. Binti mmoja aliyetumia koili namba 3 aliniletea namba hizi: om 5.2 kwa nyuzi 35, om 5.4 kwa nyuzi 45, om 5.6 kwa nyuzi 55, kisha om 5.1 kwa nyuzi 65, om 5.3 kwa 75, na om 5.5 kwa 85. Grafu yake ilikuwa kama ngazi iliyovunjika katikati. Nilimwuliza, "Shaba ya namna hii umeiona wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, ndivyo nilivyosoma, na nilirudia mara mbili." Nikampa alama 4 kwa 10, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba ajifunze uangalifu. Vikundi viwili vilivyotumia koili ileile siku zilizofuata vilileta mistari iliyonyooka kama rula. Hao niliwapa 9.

Hadithi hiyo niiache hapo kwanza, nitairudia.

Neno kabidi si geni kabisa kwetu. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanayajua mawe ya kabidi, ambayo yakitiwa maji hutoa gesi ya kuwaka. Kabidi nyingine pengine unayo mkononi sasa hivi: kile kigololi kilicho katika ncha ya kalamu ya wino mara nyingi ni cha kabidi ya tangsteni, na ndiyo sababu hakiliki upesi ingawa hubiringika juu ya karatasi mwaka mzima. Kabidi ya metali ni metali iliyoungana na kaboni, na muungano huo ni mgumu ajabu. Kabidi ya niobi haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,500. Wala tusidhani kwamba niobi ni kitu cha mbali. Imo katika miamba ya Panda Hill karibu na Mbeya, na katika kilima cha Mrima huko Kwale nchini Kenya. Na ile koltani inayochimbwa Kongo na Rwanda imepata jina lake kutokana na madini mawili yaliyoshikamana, moja la niobi na jingine la tantali.

Sasa tuje kwenye umeme. Tarehe 8 Aprili 1911, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake, akiwamo Gilles Holst, walipima ukinzani wa zebaki iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji. Heliamu hiyo Onnes mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigeuza majimaji, mwaka 1908. Alitazamia kwamba ukinzani ungepungua polepole kadiri baridi inavyozidi. Lakini walipoendelea kupima mwaka ule waliona jambo jingine: penye nyuzi 4.2 za Kelvin, yaani kama nyuzi 269 chini ya sifuri ya kipimajoto chetu, ukinzani wa zebaki ulianguka ghafula, ukatoweka. Namba zao zilivunjika kama ngazi ya yule binti. Bahati yao, hapakuwa na mwalimu wa kuwaandikia kwa wino mwekundu.

Kitu chenye tabia hiyo huitwa supakondakta. Leo hii hospitali zenye mashine za MRI hutumia sumaku zilizosukwa kwa waya wa niobi na titani, zikapozwa kwa heliamu ileile ya Onnes, kwa hiyo mtu asiniulize faida ya mambo haya ni nini.

Baada ya zebaki wataalamu walianza kupima kila walichokipata. Mwaka 1930 Walther Meissner na mwenzake Franz, huko Ujerumani, walitangaza kwamba hata kabidi na nitridi za metali fulani huwa supakondakta. Kabidi ya niobi huanza tabia hiyo kwenye nyuzi 11 hivi za Kelvin, na ya tantali kwenye 10 hivi. La ajabu zaidi ni molibdeni. Metali hiyo peke yake haianzi mpaka ipozwe chini ya uzi 1 wa Kelvin. Ikiungana na kaboni katika mpangilio wa mchemraba, huanza kwenye nyuzi 14 hivi. Kaboni, ambayo tukiitazama katika jiko la mkaa hatuidhanii kuwa na makuu, imeiinua metali ile mara kumi na zaidi. Na kaboni hiyo ikipungua ndani ya kabidi, yaani nafasi zake nyingine zikibaki tupu, kiwango hicho cha nyuzi hushuka sana. Hapo mwanafunzi ataona kwamba kusema tu "hii ni kabidi ya niobi" hakutoshi. Sharti useme kaboni yake ni kiasi gani.

Punje ninazozisema hutengenezwa hivi. Mkaa wenye vitundu vingi huloweshwa katika maji yenye chumvi ya metali, mathalani chumvi ya molibdeni. Hukaushwa, kisha hupashwa moto wa mamia ya nyuzi ndani ya gesi ya hidrojeni. Oksijeni ya chumvi ile huondoka, na metali hula kaboni ya mkaa uleule inaoukalia, ikawa kabidi. Punje zinazozaliwa huwa na upana wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Weka punje za nanomita 10 laki moja kwa mstari mmoja, nazo zitajaza milimita moja. Kazi ya mkaa ni kuzitenga zisishikane zikawa donge. Wakemia walizitamani punje hizi hasa kwa kuwa vichocheo, tangu Levy na Boudart walipoandika mwaka 1973 kwamba kabidi ya tangsteni hufanya baadhi ya kazi za platini, ambayo bei yake sote twaijua kwa sifa.

Lakini je, punje ndogo namna hiyo bado ni supakondakta? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye mitego.

Kwanza, huwezi kutegemea kipimo cha ukinzani. Punje zimetengana, na kati yao kuna mkaa, ambao una ukinzani wake. Hata kama kila punje ni supakondakta kamili, umeme ukitoka upande huu kwenda upande ule sharti upite mkaani, na namba yako huenda isifike sifuri kamwe. Anayetazama mita peke yake atasema hapana kitu.

Hapana budi basi kutumia dalili ya pili. Mwaka 1933 Meissner yuleyule, pamoja na Robert Ochsenfeld, aliona kwamba supakondakta huisukuma nje nguvu ya sumaku. Kwa hiyo twaweza kuzipoza punje zetu karibu na sumaku dhaifu na kutazama kama zinaisukuma. Lakini tazama mitego inavyofuatana. Hata katika supakondakta sumaku huingia kidogo kwenye ngozi ya nje, na katika kabidi ngozi hiyo ni nene kama makumi au mamia ya nanomita. Punje yetu nzima ina nanomita 10. Yaani yote ni ngozi! Kwa hiyo huisukuma sumaku kwa udhaifu mno, sehemu ndogo tu ya ile ambayo kipande kikubwa kingeisukuma.

Tena mkaa wenyewe, hata bila kabidi, huisukuma sumaku kidogo kwa tabia yake ya kawaida. Usipopima mkaa mtupu uliopitishwa katika moto uleule, hutajua kipi ni cha mkaa na kipi ni cha kabidi. Na vumbi la chuma likiingia, labda kutoka kwenye kijiko cha chuma ulichochotea, huvuta sumaku kwa nguvu na kuzima sauti ndogo ya punje zako. Juu ya hayo, punje zikiachwa hewani hushika kutu upande wa nje. Tena molibdeni na kaboni hukaa kwa mipangilio zaidi ya mmoja, kila mmoja na nyuzi zake za kuanzia, kwa hiyo grafu huweza kushuka mahali pawili au patatu. Mpimaji asiyependa grafu yenye vipindo atashawishika kuvinyoosha, na akivinyoosha amefuta habari aliyokuja kuitafuta.

Mwisho, liko swali la udogo wenyewe. Nadharia ya mwaka 1957 ya Bardeen, Cooper na Schrieffer yasema kwamba katika supakondakta elektroni huenda mbilimbili. Mwaka 1959 Philip Anderson alieleza kwamba punje ikiwa ndogo mno, hatua za nishati ambazo elektroni huruhusiwa kukanyaga hukaa mbalimbali, kama ngazi yenye vipago vilivyoachana sana, na jozi hizo haziwezi tena kuundwa. Katika miaka ya 1990 Ralph, Black na Tinkham, huko Harvard, walipima punje moja moja ya aluminiamu, wakaona dalili ya jozi katika punje kubwa kidogo, lakini katika zile za nanomita chache tu hawakuiona. Basi anayepima kabidi juu ya mkaa huwa ana punje kubwa na ndogo zimechanganyika, nyingine zimevuka mpaka huo na nyingine hazijavuka. Jibu lake haliwezi kuwa mstari ulionyooka. Akikuletea mstari ulionyooka, mwulize vizuri.

Nimesema mitego, na wako walionaswa. Julai 2023 wataalamu fulani wa Korea ya Kusini walitangaza kitu walichokiita LK-99, chenye risasi, shaba, fosforasi na oksijeni, wakidai ni supakondakta hata kwenye joto la kawaida la chumbani. Dunia nzima ilishangilia. Hata humu shuleni wanafunzi waliniletea picha za jiwe dogo lililosimama nusunusu juu ya sumaku. Ushahidi wao mmoja ulikuwa ukinzani ulioanguka ghafula karibu na nyuzi 104. Kuanguka huko kulikuwa kwa kweli. Lakini majuma machache baadaye wengine walionyesha kwamba ndani ya jiwe lile kulikuwa na salfaidi ya shaba kama uchafu, na salfaidi hiyo hubadili mpangilio wake penye joto hilohilo. Namba zilikuwa sahihi, ila sababu ilikuwa nyingine. Kosa la namna hiyo mimi silioni kuwa aibu kubwa. Waliandika walichokiona, na kwa kuwa waliandika, wengine waliweza kuwasahihisha kabla mwezi mmoja au miwili haijapita.

Habari ya Jan Hendrik Schön ni nyingine. Huyu alikuwa kijana hodari katika maabara ya Bell, Marekani, na mwaka 2001 alitangaza kwamba fuwele za kaboni ya C60, akizitia kemikali nyingine, huwa supakondakta kwenye nyuzi 117 za Kelvin. Grafu zake zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote. Zilikuwa nzuri mno. Mwaka 2002 wenzake waligundua kwamba katika grafu za majaribio mbalimbali hata ule mtetemo mdogo wa namba, ambao haupaswi kufanana mara mbili, ulikuwa uleule. Kamati iliyoongozwa na Malcolm Beasley ilipomwuliza daftari zake hazikuwapo, na namba za mwanzo alikuwa amekwisha zifuta. Makala zake zikaondolewa. Watu wa nchi nyingi walikuwa wamepoteza miaka ya kazi na fedha wakijaribu kurudia kitu ambacho hakijawahi kuwapo.

Nilikuwa nasoma habari hiyo ya Schön wakati wa likizo, usiku, nikakumbuka ile mistari miwili iliyonyooka kama rula.

Shule ilipofunguliwa niliichukua koili namba 3 nikaipima mwenyewe. Kwa nyuzi 35 nilipata om 5.2. Nilipofika nyuzi 61 namba ilianguka. Nikaiacha ipoe, nikarudia. Ikaanguka tena, safari hii kwenye nyuzi 63. Mara ya tatu vilevile. Nilipoitoa kwenye neli na kuitazama kwa lenzi niliona kwamba vanishi ya waya ilikuwa imechubuka mahali pawili vilivyo jirani. Waya ukipata moto hurefuka, kitanzi kimoja kikalegea na kugusa mwenzake, umeme ukapita njia ya mkato na kuviruka vitanzi kadhaa. Ukipoa hujivuta, vikaachana, na koili ikawa nzima kama si yeye. Binti yule alikuwa amesoma vizuri kabisa. Aliyekosa uangalifu ni mimi.

Niliviita vile vikundi viwili. Hawakukataa. Walisema waliona namba zikianguka, na walitaka kuziandika, lakini walikuwa wameshaona mwenzao alivyopewa 4 siku ya kwanza. Basi wakanyoosha, au kama wanafunzi wenyewe wanavyosema, wakapika. Alama zao sikuzipunguza, maana somo hilo la upishi walijifunza kwangu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Sisi waalimu husahihisha tukiwa na grafu kichwani. Darasa lina wanafunzi sitini, madaraja ya mita ni mawili, na madaftari ni mlima. Ni rahisi kutazama kama mstari umenyooka na kupita. Wazazi nao huuliza, "Umepata ngapi?" wala hawaulizi, "Umeona nini?" Siwalaumu, hata mimi nyumbani kwangu nimeuliza hivyohivyo. Na mtihani wa mwisho una haki yake, maana huko kuna jibu linalotazamiwa. Lakini miaka miwili ya kupika hufanya mpishi, na mpishi huyo kesho tutampeleka kupima dawa, au maji ya kisima, au nguvu ya nondo za jengo.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, amenipinga. Asema tukiruhusu kila namba ya ajabu, wavivu watajificha humo. Nimelifikiri neno lake. Jibu langu ni kwamba kosa la uvivu halirudi mahali pamoja mara tatu. Koili namba 3 ilianguka kila mara karibu na nyuzi 60. Kwa hiyo anayeleta namba ya ajabu airudie, na akiisha kuirudia atafute chanzo. Mvivu hataki kazi hiyo, atapendelea kunyoosha.

Kwa hiyo, kuanzia muhula ujao, katika vipindi vyangu namba zitaandikwa kwa wino, papo hapo mezani, katika daftari lililoshonwa. Ukikosea utapiga mstari mmoja ili niweze kusoma ulichokikata. Alama 5 kati ya 10 zitakuwa za namba kama zilivyosomwa na maelezo ya ile isiyokaa sawa. Mstari wenyewe, hata ukinyooka namna gani, utakuwa na alama 2. Nimewaomba waalimu wa kemia na biolojia watazame kama yawafaa. Wawili wamekubali.

Alama ya yule binti nimeibadili ikawa 9. Moja nimeikata kwa sababu hakuandika kipimo kwenye mhimili wa chini wa grafu, na hilo halina msamaha. Lakini kabla ya haya yote alikuwa amekwisha andika barua ya kuomba kuhama masomo ya sayansi. Nimemwambia kilichotokea, na nimemwomba radhi mbele ya darasa lake. Barua bado iko ofisini, na uamuzi ni wake na wa wazazi wake.

Koili namba 3 sikuitengeneza. Iko kwenye rafu ya pili ya maabara, upande wa dirishani, nayo bado huanguka. Mwanafunzi yeyote atakaye kuipima aje Alhamisi baada ya masomo, aje na daftari na kalamu ya wino.

Mwalimu wa Fizikia